Mjue muuaji kabla hajatajwa: mwongozo kwa mpenzi wa sizoni za upelelezi, Mwanza na visiwani

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kushindana na sizoni ya upelelezi. Kama umeshinda Makoroboi juani, kichwa kinauma na unachotaka ni kujinyoosha tu, weka mpira au vichekesho, hakuna atakayekulaumu. Fumbo linataka mtu aliye macho. Hapa nitaeleza namna ya kuchagua sizoni, namna ya kuipata ikiwa kamili, namna ya kuitazama na wenzako bila kugombana, na zaidi ya yote namna ya kuandika dhana yako kabla jibu halijatoka. Hilo la mwisho kwangu ndilo ushabiki wenyewe. Anayesema "mimi nilimjua tangu mwanzo" wakati pingu zimeshafungwa, na hana hata mstari mmoja wa kuonyesha, hajashinda kitu.

Hatua ya 1: Chagua fumbo linaloendana na maisha yako

Kabla ya kuuliza sizoni ipi ni kali, uliza kesi yake inachukua muda gani kufungwa. Zipo ambazo kila kipande kina maiti wake na muuaji wake, na kipande kikiisha kesi imeisha. Poirot ya David Suchet ni ya namna hiyo, vipande 70 kati ya mwaka 1989 na 2013. Murder, She Wrote ya Angela Lansbury nayo ni hivyo hivyo, vipande 264 kuanzia 1984 hadi 1996. Ukikosa kimoja hujapoteza uzi. Nyingine huburuza kesi moja msimu mzima. Broadchurch, iliyoanza 2013 kule Uingereza, inaanza na mtoto anayekutwa amekufa ufukweni chini ya genge, na inabidi umalize vipande vinane ndipo ujue nani. Hapo ukiruka kimoja umekwisha.

Kwa anayeishi mtaa ambao umeme una tabia ya kuondoka saa mbili usiku, aanze na hizo fupi.

Na kama hujawahi kutazama upelelezi kwa makini, ushauri wangu utakushangaza: anza na sizoni inayokuonyesha muuaji dakika za mwanzo. Columbo ya Peter Falk ndiyo mwalimu wa hilo. Falk alimwigiza luteni huyo mara ya kwanza kwenye filamu ya runinga mwaka 1968, kisha sizoni yenyewe ikaanza 1971, na kipande chake cha kwanza kiliongozwa na Steven Spielberg akiwa kijana wa miaka 24. Unamwona tajiri anaua, unamwona anajisafisha, halafu anaingia huyu afande mwenye koti lililochakaa, anauliza mambo ya kijinga, anaaga, anafika mlangoni, anarudi na swali moja la nyongeza. Wengi huona hakuna fumbo kwa sababu jibu liko wazi. Lakini kwa kuwa muuaji unaye tayari, macho yako yako huru kutazama ushahidi unavyopandwa: glasi iliyoachwa, simu iliyopigwa saa isiyo yake, kauli iliyozidi neno moja. Baada ya vipande kadhaa vya hivyo, nenda kwenye zile zinazoficha jina. Utashangaa unavyoona.

Ukitaka kutazama na wazazi sebuleni bila kuziba macho kila dakika, tafuta The No. 1 Ladies' Detective Agency, iliyotoka 2008 na 2009 na kupigwa picha Botswana kwenyewe. Jill Scott ni mpelelezi, na fundi wa magari anayempenda ameigizwa na Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Kesi zake nyingi ni za waume wasiotulia, watoto waliopotea na matapeli. Ubaya ni kwamba ilifika vipande saba ikasimama.

Hapo ndipo lilipo swali la mwisho la kuchagua: hii sizoni ilimalizwa, au ilikatwa? Twin Peaks ilianza 1990 huku Marekani nzima ikiuliza nani kamuua yule msichana. Kituo kikawashinikiza waandishi wajibu, jibu likatoka Novemba mwaka huohuo katikati ya msimu wa pili, watazamaji wakapungua, na 1991 ikafungwa huku mpelelezi akiwa ameachwa mahali pabaya sana. Waliotaka kuendelea walisubiri hadi 2017. Bado ni kazi ya kutazama, ila uingie ukijua. Muulize aliyeiona, umwambie kabisa ajibu kwa "ndiyo" au "hapana" tu, na akianza "ndiyo, ila yule..." ondoka.

Hatua ya 2: Hakikisha umeipata nzima

King'amuzi kinakupa fumbo kwa ratiba ya wenyewe. Daladala ya Buhongwa ikikwama, kipande kimepita.

Ukitumia bando, piga hesabu kabla. Picha ya kawaida hula takribani GB 0.7 kwa saa, na picha kali inaweza kufika GB 3. Msimu wa saa nane kwa picha ya kawaida ni kama GB 5 na nusu. Usishuke hadi picha ya chini kabisa ili kuokoa bando, maana barua iliyoachwa mezani haitasomeka, na mara nyingi barua iliyoachwa mezani ndiyo kesi yenyewe.

Flashi ndiyo njia ya wengi, na ndiyo yenye mitego. Nakala nyingi za kwenye maduka ya kuwekea muvi hazina kibali cha mwenye kazi, hilo ulijue unapochagua njia hiyo. Pia huja zimechanganywa: kipande cha nne kimeitwa cha sita, cha saba hakipo, cha mwisho kimekatika dakika kumi kabla ya jibu. Kwa hiyo kabla hujatoka dukani, hesabu vipande, angalia kila faili liwe na namba ya msimu na ya kipande, kisha linganisha ukubwa wake. Moja likiwa nusu ya wenzake, hilo limekatika. Kipande cha mwisho usikifungue wewe. Mwombe kijana wa dukani ageuze skrini, apeleke mbele hadi mwisho, akuambie tu kama majina ya waigizaji yanapita. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja lililozidi GB 4. Na kama TV yako ni ya zamani omba mp4, kwa sababu mkv inaweza kukupa sauti bila picha.

Hatua ya 3: Mara ya kwanza, achana na ya kutafsiriwa

Nawaheshimu watafsiri wa vibanda umiza. Ngumi na mateke bila sauti yao havinogi. Ila kwenye fumbo mtafsiri ni hatari. Yeye ameshaitazama hadi mwisho, na hawezi kujizuia: "Mwangalieni huyu mama anavyocheka, mtamjua mbele ya safari." Tayari kesi imekufa. Isitoshe, hupita juu ya sentensi zilizotulia ili awahi zenye kelele, na watunzi wa upelelezi huficha mambo humo humo kwenye zilizotulia.

Tazama kwanza kwa lugha ya wenyewe, maandishi yakiwa chini ya skrini. Hata Kiingereza chako kikiwa cha kuokoteza, kusoma kutakusaidia kwa majina, na majina ndiyo yanayotuangusha. Faili la maandishi liwe na jina lilelile la faili la video na likae nalo folda moja, ndipo litajifungua lenyewe. Maneno yakitangulia au yakichelewa, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, ya kompyuta bonyeza herufi G au H kuyasogeza. Ukishamaliza msimu, ndipo utafute ya kutafsiriwa mcheke pamoja.

Kibanda pia kimetufundisha kwamba steringi hafi. Sahau hilo. Kwenye upelelezi yule unayempenda, anayewapikia wengine chai na kuwafariji wafiwa, anaweza kuwa ndiye.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Daftari la shule linatosha. Usitumie simu, kwa sababu ukiishika tu unaingia WhatsApp.

Ukurasa wa kwanza ni wa watu. Usiandike jina peke yake, maana James na John watakuchanganya kabla ya nusu saa. Andika "James, daktari, mwenye kovu, shemeji wa marehemu". Chora mistari ya nani ndugu ya nani, nani anamdai nani, nani alikuwa wa nani. Sisi tumekulia kwenye koo kubwa, hili tunaliweza kuliko tunavyojidhania.

Ukurasa wa pili ni wa saa. Kila mtu alisema alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anamshuhudia. Hapa kuna tahadhari moja kwa Mswahili: saa 9 ya usiku ya Mwingereza ni saa tatu yetu. Chagua kuandika kwa saa zao au zetu, usichanganye. Nimeona mabishano makali sebuleni, mtu anadai shahidi kasema uongo, kumbe mmoja kaandika kwa saa za kule na mwingine kwa za huku.

Ukurasa wa tatu ni wa yanayokukera. Mbwa hakubweka kwa nini? Mbona koti limelowa na mvua haikunyesha? Mstari mmoja kwa kila kero, bila maelezo. Kesi ikifungwa na kero tatu zimebaki bila jibu, ama mtunzi ni mvivu ama aliyekamatwa siye.

Kisha dhana. Andika mambo matatu: nani, kwa sababu gani, kwa njia gani. Jina peke yake ni bahati nasibu. Watuhumiwa wakiwa watano, hata aliyesinzia anaweza kupatia. Kwenye kipande cha saa moja, andika mara ya kwanza kikifika nusu, na mara ya pili mpelelezi anapoanza kuwakusanya watu au anapokimbilia gari ghafla. Kwenye sizoni ndefu, andika kila kipande kinapoisha. Dhana ya zamani usiifute. Hiyo ndiyo itakuonyesha baadaye ni wapi mtunzi alikushika mkono akakupeleka kichakani.

Hatua ya 5: Jua wanapoficha

Mchezo huu una sheria, na si siri. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi kwa watunzi. Mhalifu awe ametajwa mapema. Mpelelezi asifiche ushahidi alioupata. Mpelelezi mwenyewe asiwe mhalifu. Chumba cha siri kisizidi kimoja. Mapacha wasiibuke bila msomaji kutayarishwa. Watunzi wamezivunja mara nyingi, wengine kwa ustadi mkubwa, lakini ya kwanza bado inatawala runinga: muuaji umeshamwona. Kwa hiyo kila mtu anayepita robo ya mwanzo, hata mleta maua, mwandike.

Sasa tuone kwa mfano. Tuseme sizoni imetengenezwa hapa kwetu. Tajiri wa mitumbwi amekutwa amekufa asubuhi kwenye mwalo wa Igombe. Kuna mpwa wake anayedaiwa fedha nyingi, dalali waliyegombana naye bei ya sangara, mke mdogo, na mlinzi wa injini. Polisi anamhoji dalali, naye anajibu kwa ukarimu:

"Afande, usiku ule mbalamwezi ilikuwa kali. Nilimwona mpwa wake kwa macho yangu akitoka kwenye banda la nyavu. Nilikuwa nimekaa pale juu ya mawe navuta sigara, natazama taa za wavuvi wa dagaa huko ziwani."

Hapo hapo mke mdogo anaingia analia, anamrukia mpwa, anamzaba kofi. Kamera inafuata kofi. Sebule nzima inafuata kofi. Tangazo.

Mtazamaji wa Mbeya anaweza kupitwa. Wewe wa kanda ya ziwa hupaswi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, kwa sababu ni gizani taa inapowavuta. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kulala. Kama mwezi ulikuwa unawaka hivyo, ziwani hakukuwa na zile taa. Kama taa zilikuwepo, hakukuwa na mbalamwezi ya kumtambua mtu mlangoni mwa banda. Dalali ametaja vitu viwili visivyokaa usiku mmoja.

Angalia kilivyofichwa. Hakuulizwa habari za taa. Alizitoa mwenyewe, na shahidi anayetoa zaidi ya alichoulizwa ni wa kuandikwa. Neno lenyewe limewekwa mwishoni mwa sentensi, baada ya jambo zito la mpwa, likaonekana ni pambo tu la mandhari. Kisha likafunikwa na kelele papo hapo. Ndivyo wafanyavyo karibu wote: ushahidi unapita, halafu kinavunjika kikombe, au mtoto anaanguka, au mtu anachekesha. Kila likitokea la kukushtua, jizoeze kurudisha nyuma nusu dakika usikilize kilichosemwa kabla yake.

Lakini usikimbilie kuandika kwamba dalali ndiye muuaji. Hapa ndipo mashabiki wengi hujikwaa. Mwongo kwenye fumbo mara nyingi anaficha jambo lake jingine: huenda usiku ule alikuwa kwa mke mdogo, au alikuwa anaiba barafu. Huo unaweza kuwa chambo, na sangara wa kwanza kunasa kwenye ndoano za migonzo ni yule mwenye pupa. Andika tu: "dalali, uongo wa mwezi, kwa nini?" Halafu subiri kuona ni nani mwingine anayenufaika ikiaminika kwamba mpwa alionekana.

Mengine nitayataja haraka. Anayekamatwa kabla ya nusu ya kipande hajaua. Anayepiga simu usiku akasema "nimemjua, nitakuambia kesho ana kwa ana" atakufa kabla ya kesho, na sijui kwa nini hawajifunzi. Kwenye sizoni za kesi fupi soma majina mwanzoni: mwigizaji maarufu aliyealikwa kwa kipande kimoja halafu anaonekana kuwa na jukumu dogo, mtazame kwa jicho la pembeni, kwa kuwa hakulipwa vile ili abebe trei. Kitu ambacho kamera imekitulizia sekunde moja ya ziada kitarudi. Na msaidizi anayemrahisishia mpelelezi kila kitu ana sababu yake.

Mtunzi akikudanganya kihalali, mkubali. Akikuletea pacha dakika ya mwisho, una haki ya kuzima TV na kulalamika kwa kila mtu.

Kati ya sizoni na sizoni, zoeza jicho kwa vitabu vyetu. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, pamoja na Najum wake, yupo tangu Mzimu wa Watu wa Kale cha 1960, na namna anavyowasikiliza watu ni darasa. Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba ni wa mwendo kasi zaidi. Nawapenda, ila kwa fumbo safi naenda kwa Msa.

Hatua ya 6: Tafuta wenzako, uwawekee taratibu

Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi hapo panakuwa Kirumba siku ya mechi.

Aliyekwisha kuitazama anaruhusiwa kukaa, lakini haruhusiwi kucheka, kuguna, wala kusema "sawa tu, endeleeni" wenzake wakitaja jina. Anayekwenda chooni anasema, rimoti inabonyezwa. Sabufa izimwe au ipunguzwe kabisa. Mngurumo wake unameza minong'ono, na kwenye minong'ono ndiko kwenye kesi. Chakula kiwe cha kuliwa bila kuangalia: karanga, mihogo, dagaa wa kukaanga. Sato mzima hapana. Huwezi kutafuta miiba na muuaji kwa wakati mmoja, mmoja utammeza.

Umeme ukikatika, usikasirike. Washa tochi, toeni madaftari, kila mtu aandike dhana yake bila kusema kitu, karatasi zikunjwe ziwekwe kwenye bakuli. Kisha bishaneni. Hakuna dakika nzuri ya kubishana kuliko hiyo, maana hakuna anayeweza kusogeza mbele ili aone. Nimehudhuria vikao vya gizani vilivyokuwa vitamu kuliko kipande chenyewe.

Kwa walioko Ukerewe, Ukara na visiwa vingine, pangeni msimu kwa mwezi. Wakati wa giza nusu ya kundi iko ziwani, na mtu akirudi alfajiri atauliza "iliishaje?" na kuna mtu atamjibu. Mbalamwezi ikija wavuvi wako nchi kavu, usiku ni mrefu, watu wako pamoja. Sizoni ya vipande vinane inaisha vizuri kabla giza halijarudi. Pigeni hesabu ya mafuta ya jenereta au betri ya sola mapema.

Kuna suala la wakubwa. Huwezi kumwambia mjomba anyamaze kama unavyomwambia rafiki yako. Mwahi kabla hajaketi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Naona leo mmejaa."

"Ndiyo mjomba, tunaanza ile ya mtoto wa ufukweni. Nasikia wewe umeshaiona."

"Nimeimaliza yote. Yule jamaa—"

"Mjomba, tafadhali, hata jina usitaje. Tunakuomba utushikie karatasi zetu. Kila mtu ataandika anayemshuku, wewe ndiye hakimu, siku ya mwisho utazifungua mbele ya wote."

Ukimpa mjomba bahasha umemfunga mdomo kwa heshima. Hakimu hawezi kutoboa siri ya kesi anayoisimamia, na siku ya kufungua karatasi ataifurahia kuliko ninyi.

Hatua ya 7: Linda masikio

Usitafute jina la mwigizaji mtandaoni ukiwa katikati ya msimu. Kisanduku cha kutafutia kitakumalizia sentensi kwa neno "amekufa". Kurasa za mashabiki pia huandika kila mhusika ametokea vipande vingapi, na ukiona wako anaishia cha tatu umeshajua. Nyamazisha hali za WhatsApp za watu watatu unaowajua. Kila mtu anao watatu hao. Ukikutana na mazungumzo ya sizoni yako kwenye daladala, weka spika za masikioni, hata kama hazina muziki.

Nawe ukiwa umemaliza, usimwage mtama. Ukiulizwa "ni nzuri?" jibu kuhusu ukali wake, mandhari, uigizaji. Hata kusema "mwisho utakushangaza" ni kutoboa, kwa sababu atakayesikia atamwondoa mtuhumiwa wa wazi tangu mwanzo.

Hatua ya 8: Kungoja

Kuna sizoni zinazokuacha njiani makusudi. Sherlock ya BBC ilimwangusha shujaa wake kutoka juu ya paa Januari 2012, na jibu la aliponaje likaja Januari 2014. Waliosoma vitabu hawakushangaa sana: Arthur Conan Doyle alimuua Holmes mwaka 1893, wasomaji wakaghadhibika, na ni 1903 ndipo alipoeleza kwamba hakufa. Kwa muda wa kungoja nina agizo moja: andika maelezo yako mwenyewe kwanza, yakamilike, ndipo usome ya wengine. Ukianza na ya wengine hutajua tena lipi ulilifikiria wewe.

Hatua ya 9: Irudie

Kipande cha kwanza kitazame tena mara tu msimu ukiisha, kabla hujasahau. Ukijua nani, utaona mwigizaji alivyocheza sura mbili kwa pamoja: jicho lililoshuka chini mahali fulani, swali alilolijibu haraka mno. Kwenye Broadchurch waigizaji wengi hawakuambiwa muuaji ni nani hadi kazi ilipofika mbali, kwa hiyo huko tafuta zaidi kwenye maandishi na kamera kuliko kwenye nyuso. Weka alama pembeni ya daftari kila ushahidi ulipopita, uandike dakika. Ukikuta kwamba kila kitu kilikuwepo tangu mwanzo na hukukiona, huyo mtunzi mfuate popote aendako. Ukikuta hakuna, mtoe kwenye orodha.

Baada ya hapo flashi mpe anayefuata. Daftari lisifuatane nayo. Lipeleke kwa mjomba likakae na bahasha, maana ukurasa wake wa mwisho una jina.